Faili lililokatika njiani: usilifute haraka, wala usiliamini haraka

Mkuu, umeuliza ufanye nini na faili ambalo programu yako ya kupakua imelikatia kwenye asilimia 90, na kwa nini lile jingine lililofika 100 linagoma kufunguka. Nimewahi kuandika programu yangu ndogo ya kupakua na nimeishi na makosa yake, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona.

Hicho kipande kiache kwanza. Kinaweza kuendelezwa kama seva inakubali kutoa faili kwa vipande: programu inaomba kuanzia baiti fulani, seva inajibu kwa namba 206 (maana yake: nakupa sehemu tu), kisha inatuma sehemu iliyobaki tu. Kwa programu za kupakua zinazoendeshwa kwa kuandika amri, ukitumia wget ni wget -c, kwa curl ni curl -C - na kiungo kinafuata. Seva isiyokubali hujibu 200 na kuanza kutuma faili zima upya. Programu yangu haikuwa inasoma namba hiyo, ikaliunga faili zima mkiani mwa kile kipande, nikapata kitu kizito kuliko faili la asili. Likikupata hilo, usikate tamaa: ukiondoa baiti za kile kipande cha mwanzo, linalobaki ndilo faili lenyewe.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni kingine. Nilikuwa napakua faili la kusakinishia mfumo endeshi, gigabaiti kadhaa, mtandao ukakatika usiku. Asubuhi nikaendeleza, likaisha, uzito ukalingana na wa kwenye seva hadi baiti ya mwisho. Usakinishaji ukafa katikati. Nilirudia mara tatu nikiilaumu flashi, nikanunua hadi flashi nyingine. Kumbe usiku ule wenye seva walikuwa wameweka toleo jipya kwa jina lilelile. Nusu ya kwanza ilikuwa ya toleo la zamani, nusu ya pili ya toleo jipya. Uzito ulilingana kwa sababu programu iliomba kuanzia ilipoishia hadi mwisho wa faili jipya, lazima ulingane.

Tangu siku hiyo, programu yangu ikianza kupakua huandika pembeni alama ambayo seva hulipatia faili, ile inayoitwa ETag, au tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho kama ETag haipo. Inapoendeleza, hutuma alama hiyo ndani ya ombi lake, kwenye mstari uitwao If-Range. Faili likiwa halijabadilika, seva hutoa kilichobaki. Likiwa limebadilika, hutuma lote kwa 200, na programu inaanza upya kwenye faili tupu. Programu isiyofanya hivi siiamini kwa faili kubwa, hata iwe na kasi namna gani.

Jina la muda nalo ni muhimu. Firefox huweka .part, Chrome huweka .crdownload, na jina halisi huja kazi ikiisha. Unayeandika programu fanya vivyo hivyo, tena ubadilishe jina baada ya kuhakiki. Kwa aria2, programu nyingine ya kupakua, angalia pembeni: faili linaweza kuonyesha uzito kamili kwa sababu nafasi imetengwa mapema, lakini kama kuna jingine lenye .aria2, bado halijaisha. Hilo dogo usilifute, ndilo linalokumbuka vipande vipi vimefika.

Wenye faili wakiwa wametoa SHA-256, yaani alama ya uhakiki inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zote za faili, ilinganishe kila mara na ya faili ulilopakua. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Ningeifanya siku ile, flashi ya pili nisingeinunua.

Sasa lile lako la asilimia 100. Tazama uzito wake kwanza. Kama ni kilobaiti chache, lifungue kwa kihariri cha maandishi. Ukikuta linaanza na <html, ulichopakua ni ukurasa wa kosa au wa kuingia kwenye akaunti. Huenda kiungo kimeisha muda wake, chukua kipya.