Maswali na Majibu: Biri za Maduro Zilazwe Muda Gani Kabla ya Kuvutwa?

Barua za mara hii zimeangukia jambo moja, nalo ni biri za maduro, zile nene zenye jani la nje la rangi ya kahawa iliyokaangwa sana, na muda unaofaa kuziweka kabla ya kuziwasha. Nimezifupisha barua bila ya kugeuza maana. Safu hii haimshawishi asiyevuta aanze. Inamjibu aliyekwisha kuwa na sanduku nyumbani na hataki limharibikie katika joto la visiwa vyetu.

Shikamoo mzee. Kaka yangu anayeishi Maskat ameniletea sanduku la maduro mwishoni mwa Shaabani, nami nimenuia kutoligusa mpaka Sikukuu. Je, mwezi mmoja unatosha, au ni lazima nilaze kwa miaka kama ninavyosikia? (Msomaji, Malindi, Unguja)

Marahaba. Mwezi mmoja unatosha kuzipumzisha, lakini hautoshi kuzikomaza, na haya ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Biri iliyosafiri kwa ndege na kukaa katika vyumba vya viyoyozi huwa imepoteza maji upande wa nje huku ndani ingali na unyevu wake wa zamani, na ndiyo maana ukiiwasha siku ya pili huungua upande mmoja na kukulazimisha uiwashe tena na tena. Wiki tatu hadi nne ndani ya kasha lenye unyevu uliotulia zinarudisha usawa huo. Kwa hiyo ukifika Mfunguo Mosi unaweza kuvuta moja bila ya wasiwasi.

Ama kukomaa, ni lazima kwanza ujue jani la maduro limepitia nini kabla ya kukufikia. Majani yanayochaguliwa ni yale manene yaliyopata jua la kutosha, kama jani pana la Connecticut kule Marekani au lile la bonde la San Andrés katika jimbo la Veracruz, Mexico. Baada ya kukaushwa hulowanishwa kidogo, hurundikwa marundo makubwa na kuvumbikwa kwa miezi mingi. Rundo hujipasha lenyewe mpaka joto la katikati likapita nyuzijoto 50, kisha hupanguliwa na kupangwa upya ili ya ndani yaje nje. Katika kazi hiyo harufu kali ya amonia hutoka, jani hukoza rangi, na ladha hulainika na kuelekea kwenye kakao, kahawa na matunda makavu. Viwanda vingine huongeza muda juu ya hapo: Padrón hueleza kwamba tumbaku ya biri zake za 1964 Anniversary huwekwa miaka minne, na jani la nje la Cohiba Maduro 5, zilizoingia sokoni mwaka 2007, huwekwa mitano.

Sanduku ulilopewa, basi, lina umri hata kabla ya wewe kulipokea. Kinachobaki kufanyika nyumbani ni majani ya ndani kuzoeana na jani la nje, na ladha ya pilipili iliyobaki katika moshi kupungua makali. Kwa maduro nyingi kazi hiyo humalizika baina ya miezi sita na miaka miwili. Huo ndio muda ninaoushauri, na sioni faida kubwa ya kuupita isipokuwa biri yenyewe ilikuwa kali mno tangu mwanzo.

Ninasimamia kabati la biri katika hoteli moja ya Nungwi. Wageni huuliza kama tunazo za miaka mitano au kumi. Tukiziweka muda huo, si tutaziuza kwa bei ya juu zaidi? (Msimamizi, Kaskazini Unguja)

Bei utaipata, lakini ladha si hakika. Umri hulainisha, na ukizidi hufuta. Biri nzito, iliyojazwa majani ya juu ya mche ambayo ndiyo makali zaidi, ina akiba ya kutosha kustahimili miaka. Iliyo nyepesi itakuwa tamu kwa mwaka mmoja kisha itaanza kuwa na ladha ya karatasi, hata jani lake la nje likiwa jeusi namna gani. Weusi si kipimo cha ukali. Katika hili wauzaji wengi huwapoteza wageni wao, pengine bila ya kukusudia.

Njia ya kweli ni kulionja sanduku kwa vipindi: biri moja baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi mitatu, kisha sita, kisha mwaka, na kila mara uandike katika daftari namna ilivyoungua, kama ilichoma ulimi, na kama harufu ya amonia ilisikika ulipoikata. Siku utakapoona ya sasa haikushinda ya mara iliyopita, lililobaki liuze. Masanduku ya Cuba hugongwa muhuri chini unaoonyesha mwezi na mwaka yalipofungwa. Kwa nchi nyingine usitegemee hivyo, bali andika wewe mwenyewe kwa penseli tarehe uliyolipokea. Mgeni akiuliza umri, mgeuzie sanduku ajionee.

Je, biri iliyolazwa muda mrefu ina madhara madogo zaidi? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

La. Kulaza hubadilisha ladha tu. Nikotini inabaki, na moshi wa tumbaku unaleta saratani ya mdomo na koo hata kwa asiyeuvuta mpaka kifuani. Atakayekwambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Hapa kwetu hewa yenyewe ni ya maji mwaka mzima. Kwa nini nigharimike kununua kasha la unyevu lililotengenezwa kwa nchi za baridi? Na je, hilo halibadilishi muda wa kulaza? (Msomaji, Wete, Pemba)

Swali lako ndilo kiini cha mambo yote haya kwetu sisi. Kwa wenzetu wa nchi kavu, kasha lina kazi ya kuingiza unyevu. Kwetu lina kazi ya kuuzuia. Unyevu wa hewa ya visiwani mara nyingi hupita asilimia 75, na wakati wa masika hupanda zaidi, ilhali biri inahitaji baina ya 62 na 70. Mashauri mengi yaliyoandikwa husema 70, lakini yameandikwa kwa chumba cha nyuzijoto 18 hadi 20. Katika nyumba ya Wete yenye nyuzijoto 29, unyevu wa 70 ni mlango wa ukungu, na jani la maduro, kwa kuwa ni nene na lina mafuta mengi, hushika maji na huzimika ovyo linapolowa. Mimi ningeshikilia 62 hadi 65, wala nisingelijaza kasha maji ya aina yoyote.

Huhitaji kasha la fahari. Chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, kisichokuwa na harufu, pamoja na pakiti za kurekebisha unyevu zilizoandikwa 62 au 65, hufanya kazi vizuri kuliko masanduku mengi ya kung'ara, kwa sababu pakiti hizo hutoa maji hewa ikikauka na huyanywa ikilowa. Tia ndani kipimo kidogo cha unyevu, lakini usikiamini kabla ya kukijaribu. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya mezani, itoneshee maji mpaka iwe tope bila ya kuyeyuka, kisha ukifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa na uviache siku nzima. Hewa ya mfuko ule hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 80, jua kwamba kinazidisha tano, na hesabu hivyo siku zote.

Kuhusu mbao, masanduku ya asili hutengenezwa kwa mti uitwao kitaalamu Cedrela odorata, ambao ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Seremala akikushauri kafuri kwa sababu inafukuza wadudu, mshukuru na ukatae, kwani biri hunywa kila harufu iliyo karibu nayo. Na nyinyi wa Pemba mna mtihani wa peke yenu: msimu wa karafuu, zinapoanikwa majamvini na magunia kulazwa chumbani, weka chombo chako nyumba nyingine kabisa ukiweza. Vivyo hivyo kasha lililowahi kutiwa udi au nguo zilizofukizwa halifai tena kwa tumbaku, hata ukilipigisha jua wiki nzima.

Na ndiyo, muda hubadilika. Joto huharakisha mageuzi ya jani, kwa hiyo biri iliyo katika nyuzijoto 28 huwahi kuchoka kuliko iliyo katika 18. Mtu wa Ulaya akikwambia miaka mitano, wewe usiye na chumba cha baridi usiupite mwaka mmoja na nusu.

Nina nyumba ya wageni Paje. Nimenunua friji ndogo ya mvinyo niweke biri humo. Je, nimefanya vyema, au friji ya kawaida ingetosha? (Msomaji, Kusini Unguja)

Ya kawaida haifai: ni baridi mno, hukausha, na biri zitanuka nguru. Ya mvinyo inafaa ukiiweka kwenye nyuzijoto 18 hadi 20, lakini biri ziwe ndani ya chombo chao kilichofungwa, maana mashine nayo hukausha hewa kila inapowaka. Umeme ukikatika usifungue mlango. Kwa saa chache hakuna neno, ila wanaoikumbuka miezi ya giza ya Unguja, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua kwamba mpango unaotegemea umeme pekee hautoshi. Pakiti za unyevu ndizo zitakazokulindia biri siku hizo.

Nimekuta matundu madogo kama ya sindano kwenye biri mbili, na vumbi chini ya sanduku. Je, ni kukomaa huko? (Msomaji, Chake Chake)

Huo ni uharibifu, na usichelewe. Ni dumuzi wa tumbaku, mdudu mwekundu-kahawia wa milimita mbili au tatu, ambaye mayai yake huja ndani ya jani tangu shambani au ghalani na huanguliwa joto linapopanda. Chini ya nyuzijoto 18 hulala. Hali ya hewa ya Chake Chake inamfaa mwaka mzima. Mdudu huyu huyu hula pia pilipili kavu, tangawizi na binzari, kwa hiyo sanduku lisikae kabati moja na viungo vya jikoni, ama sivyo watatembeleana.

Zitupe zilizotoboka. Zilizobaki zitie katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, toa hewa uwezavyo, kisha zitie katika friza inayofikia nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Ukizitoa, zilaze kwanza katika friji ya kawaida siku moja bila ya kufungua mifuko, ndipo uzirudishe chumbani zingali zimefungwa mpaka zipate joto la kawaida. Ukifanya haraka, majani ya nje yatapasuka. Chombo chao kisafishe na ukikaushe kabisa. Ningekushauri ufanye kazi hii ya friza kwa kila sanduku jipya linaloingia kisiwani, hata lisilo na dalili, kabla hujaanza kuhesabu muda wa kulaza.

Biri zangu za miezi minane zimeota unga mweupe juu. Muuzaji amesema ni mafuta ya jani yamepanda na kuganda, ni dalili njema. Nimsadiki? (Msomaji, Mkunazini)

Mimi simsadiki. Maneno hayo ni ya zamani na yanapendwa na wauzaji, lakini mara nyingi unga huo ni ukungu, hasa ukiwa wa mabaka, wenye nyuzinyuzi, au wenye kuelekea kijani au buluu. Tazama mguu wa biri, pale panapowashwa: ukiona umeingia ndani ya majani, itupe. Ukiwa juu tu na ni mweupe, ipanguse kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, itenge na wenzake, na ishushe kwenye unyevu wa 62 kwa wiki mbili. Ukirudi tena, hiyo nayo itupe, na kipimo chako kifanyie jaribio la chumvi upya.