Kahawa yetu ina moshi kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi wakulima wa arabika hapa Sironko tumeambiwa na mnunuzi tupime hewa chafu inayotokana na kahawa yetu. Je, tuanze na lori la Mombasa?

JIBU: Marahaba. Lori liandikeni, lakini msianzie huko. Kwanza amueni mnapima nini: kilo 1 ya kahawa safi iliyokobolewa, au kikombe kilichokwisha kunywewa Ulaya? Kiwango cha ISO 14040, yaani mwongozo wa kimataifa wa kupima athari za bidhaa kwa mazingira tangu mwanzo hadi mwisho wake, kinataka hilo litajwe mapema. Na kumbukeni kilo 1 hiyo hula kilo 6 hivi za matunda mabivu. Wengi hukosea hapo.

Kisha daftari la mbolea. Naitrojeni ikiingia udongoni hutoa naitrasi oksaidi, gesi inayoongeza joto duniani, na kilo 1 ya gesi hiyo huhesabiwa sawa na kilo 273 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Mimi mwenyewe, shambani kwangu Wanale, nilihesabu magunia ya yurea nikasahau samadi ya ng'ombe wangu wawili. Nayo imo!

Mashimo ya maji ya kumenyea je? Yakioza bila hewa hutoa methani, gesi nyingine ya aina hiyo. Pimeni kina chake.