Kubomoa Nyumba Ndogo: Weka Msimamizi wa Usalama, na Asishike Nyundo

Msomaji mmoja wa Mbagala ameniandikia juzi: "Kaka, nimepata kazi ya kubomoa nyumba ya vyumba vitatu, vijana wapo sita. Kweli niweke mtu wa usalama wa kulipwa, au nisimamie mwenyewe?" Nimemjibu aweke. Nalieleza jibu hilo hapa kwa sababu najua wengi wetu tupo daraja la saba, la chini kabisa, kule Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na sote tunataka kupanda.

Jambo hili liliwahi kuninyima kazi Magomeni. Mwenye nyumba alisoma makadirio yangu, alipofika kwenye posho ya msimamizi wa usalama akacheka. "Huyu anabomoa nini? Au ni wa kusimama tu?" Nikamwambia ndiyo, nitamlipa asimame na atazame. Kazi akapewa mwingine wa bei chee. Haikupita muda ukuta wa uani ukalalia choo cha jirani, na kujenga choo kile upya kulimgharimu zaidi kuliko posho aliyoikataa. Hajanipigia simu mpaka leo. Tukikutana ananisalimia akiangalia pembeni. Sina kinyongo naye, au niseme ninacho kidogo.

Hatari ya kazi ndogo inaanzia kwenye malipo. Vijana tunapatana nao bei ya kazi nzima, na mara nyingi mabati na nondo tunawaachia wakauze chuma chakavu. Lazima wawe na haraka. Badala ya kushusha mabati, kenchi, lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), halafu tofali kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari, kutoka juu, wanatoboa kozi za chini kwa mtalimbo na kuusukuma ukuta uanguke mzima. Utaanguka, ila upande unaoutaka wenyewe. Kwa hiyo msimamizi wako asiwe na mgao kwenye hizo nondo. Fomani mwenye mgao hafai, hata akiwa shemeji yako. Mlipe kwa siku.

Temeke nilimweka mama mmoja aliyekuwa karani wa stoo kwenye saiti kubwa. Vijana walimbatiza Mama Filimbi. Kila asubuhi alizunguka nyumba kabla nyundo hazijaanza: umeme TANESCO wameukata kwenye nguzo, au mtu amezima swichi tu? Nani amevaa ndala? Siku moja akapuliza filimbi kazi imepamba moto, wote wakashuka wakinung'unika. Juu ya dirisha kulikuwa na ufa mwembamba ambao asubuhi aliuwekea alama ya penseli pale ulipoishia. Saa nne ufa ulikuwa umeipita alama. Tukaegemeza ukuta kwa mirunda kabla mtu hajapanda tena. Nilijivuna siku ile, siwezi kuficha.

Na msiseme sheria inahusu kampuni kubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi wa usalama na afya kwa maandishi. Vijana sita wameshavuka hapo. Ukurasa mmoja unatosha: jina lake, tarehe, na kwamba ana ruhusa ya kusimamisha kazi, hata wewe tajiri ukiwa umesimama pale. Usome mbele ya vijana wote. Asiye na ruhusa hiyo ni pambo.

Jamani, tubadilike. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 tulilia sote, kisha tukarudi saiti kumpandisha kijana wa watu juu ya ukuta bila kofia ngumu, eti nyumba yenyewe ni ya chini. Mama yake utamwambia ilikuwa ya chini?

Jingine, usimruhusu msimamizi aondoke siku ukuta wa mwisho ulipolala. Jioni watoto wa mtaa huingia kwenye kifusi kuchokonoa vipande vya nondo. Posho yake iishe lori la mwisho likishatoka.