Njiti wa kilo 1.4 kuwekwa kifuani sio kwamba hospitali imekosa mashine

Mwakeye ndugu yangu. Nimesoma mara mbili ulichoandika, kwamba mkeo kajifungua juzi huko Kasulu mtoto wa kilo 1.4, manesi wakamwambia amfunge kifuani ngozi kwa ngozi, mama mkwe wako kakasirika anasema mnafanyiwa hivyo kwa vile hospitali haina mashine ya joto, na hapohapo kaja mtu na fomu ya utafiti anataka msaini. Hongereni kwanza. Mimi ni nesi, wodi ya watoto wachanga hapahapa mkoani Kigoma nina miaka 11, ngoja nikujibu kwa niliyoyaona.

Mama mkwe simlaumu, hata sisi tulifundishwa hivyo. Naanza kazi utaratibu ulikuwa njiti anaenda kwenye mashine, mama analala wodi nyingine anakuja kuleta maziwa aliyokamua kwenye kikombe kisha anarudi, kifuani mtoto anawekwa akishatulia, siku ya nne ya tano huko. Sasa kuna usiku umeme ulikatika jenereta ikagoma kuwaka, tukawaita mama zao mbiombio tukawafunga watoto kwa vitenge mpaka kunakucha. Saa kumi na moja alfajiri napima joto, wote wako juu ya 36.5, na mmoja wao jana yake ndani ya mashine alikuwa anatuhangaisha anashuka mpaka 35. Nilikaa pale na kipimajoto mkononi najiuliza, kwahiyo siku zote tulikuwa tunasubiri nini?

Jibu lilikuja kwenye utafiti wa WHO uliofanyika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto 3,211 wa kuanzia kilo 1 mpaka chini ya 1.8. Kundi moja walianza kuwekwa kifuani mapema tu baada ya kuzaliwa hata kabla hawajatulia, kundi jingine likafuata utaratibu wa zamani, na hao wa zamani mashine za joto walikuwa nazo. Ndani ya siku 28 kundi la kifuani walifariki 12 kwa kila 100, lile jingine karibu 16. Januari 2020 wakasimamisha kuandikisha watoto wengine maana isingekuwa haki kuendelea kumnyima mtoto kifua cha mama yake wakati inaonekana wazi kinaokoa, matokeo yakatoka 2021 na mwaka uliofuata WHO wakabadilisha mwongozo. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa upole, hata mwenye mashine anatakiwa aanzie kifuani.

Njiti hana mafuta mwilini, akipoa maziwa yote anayokunywa yanaishia kutafuta joto badala ya kuongeza nyama. Halafu akiwa kwa mama anapata vijidudu vya kawaida vya mama yake, sio vile sugu vya wodini.

Ila wale watoto walikaa kifuani karibu masaa 17 kwa siku, na hapa ndipo huwa tunashindwa, maana mama ana mshono, anataka kuoga, ale, alale. Kwahiyo wewe baba vua shati. Usione aibu. Kuna mvuvi mmoja alitoka ziwani moja kwa moja, akaoga kwa sabuni akakaa na binti yake kifuani kuanzia saa mbili usiku mpaka asubuhi, hakusema neno, mkewe akapata usingizi wa kwanza tangu ajifungue. Bibi naye anaweza. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, kichwa kigeukie upande, kidevu kisiinamie kifuani mwake akakosa hewa, miguu ikunjwe kama ya chura, kitenge kibane mpaka usawa wa sikio. Mkilala egemeeni mto, msilale chali kabisa. Na mkiona kagoma kunyonya, miguu ya baridi, midomo inageuka bluu au kifua kinabonyea akivuta pumzi, muiteni nesi hapohapo hata kama ni saa tisa usiku.

Kuhusu fomu, msisaini kwa kuogopa na msikatae kwa kuogopa. Muulize aliyeileta utafiti unahusu nini, mtoto atafanyiwa kitu gani cha ziada, atatolewa damu au watampima uzito tu, na kama una kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mnayo haki ya kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, na matibabu ya mtoto hayapungui hata kidogo. Akikuharakisha mwambie arudi kesho. Mimi kwa upande wangu namkumbuka kila mama aliyekubali mwanae aingie kwenye ule utafiti wa nchi tano, maana bila wao leo mkeo angekuwa wodi nyingine anasubiri aitwe.

Uzito ukishuka siku hizi za mwanzo msishtuke, wengi hushuka kidogo ndio wapande. Akipimwa kesho niandikie hapa ni kilo ngapi, na anakunywa maziwa kiasi gani kila baada ya masaa mawili.