Wataka kujua mjini naenda kufanya nini kutwa nzima

Mwanangu, voisi yako niliisikia asubuhi nikikaanga mahamri. Ati mama watoka saa tatu warudi magharibi, mfuko una leso moja na kachiri za muhogo, kutwa nzima ulikuwa wafanya nini na vitu vyote hivyo siku hizi waagiza kwa simu vyaletwa mpaka mlangoni? Nilicheka peke yangu jikoni. Haya, ngoja nikwambie.

Kwanza mimi siendi na listi. Nikishuka pale Digo Road naingia Marikiti hata kama sina cha kununua. Kwa karatasi laitwa Mackinnon Market, liko hapo tangu 1914, lakini uliza mtu wa Mombasa kama ashawahi kuliita hivyo. Kwenye viungo ndo nachelewa, manake iliki siinunui kwa macho, nachukua moja naipasua kwa ukucha nione mbegu ndani, zikiwa nyeusi na zanata kidogo hapo sawa, zikiwa zimekauka zimepauka namuuliza muuzaji hii ya mwaka gani baba, naye aapa imeingia jana, basi hapo tutavutana robo saa na mwisho aniongeza mdalasini bure.

Halafu Biashara Street, kwenye maduka ya leso. Hapo ndo siku yangu yaishia.

Nyinyi mwatumiwa picha ya leso imekunjwa, mwaona rangi na pindo, mwalipa. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, mmelisoma saa ngapi? Mwaka ule shangazi yako alipojifungua, wewe ulikuwa mdogo hukumbuki, nilikuwa na haraka zangu nikapita dukani mbio mbio nikachukua leso nyekundu yenye maua, nzuri kweli, nikalipa nikaondoka. Siku ya arobaini wifi yangu akaikunjua mbele ya wageni wote, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Wallahi sikuwa nimesoma! Nani ataamini? Miezi minane hatukusemeshana, mpaka babako akaingilia kati, na mpaka leo nikimpelekea zawadi yoyote aigeuza geuza kwanza.

Tangu hapo nasoma zote. Juzi yule kijana wa dukani alinifungulia kama ishirini, yeye asoma mimi najibu. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, nikamwambia hiyo ninazo tatu. UTABAKI NA CHOKOCHOKO UTAAMBULIA UKOKO, kabla sijasema kitu mama mmoja hapo pembeni, hatujuani wala nini, akasema hiyo lete hapa, ina mwenyewe. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na kisa chote cha huyo mwenyewe nikapewa, siwezi kukuandikia hapa. Pia naangalia kama imechapwa Mali ya Abdulla, hao wako kwa leso tangu 1887 na bibi yako alikuwa hataki kuvaa nyingine.

Ukishanunua bado hujamaliza, leso yaja pea, vipande viwili vimeungana, lazima fundi avikate avipinde. Nampa, nakaa kibarazani namwangalia cherehani yake yakimbia, nanunua juisi ya ukwaju, apita mtu wa zamani tulikuwa majirani aniambia fulani kaolewa fulani kahama, adhuhuri ishaadhiniwa. Nikitoka hapo napitia Mji wa Kale nachukua kachiri za pilipili na ndimu nakula njiani, ndo mana zafika nyumbani zimebaki nusu na wewe wadhani nimenunua kidogo.

Pesa nilizotumia hazifiki hata hiyo unayolipa kuletewa chakula, na nilirudi miguu yaniuma lakini nililala kama mtoto.

Leso ya juzi ni yako. Ishapindwa, iko kabatini, nampa mtu anayekuja huko mwisho wa mwezi. Jina lake sikwambii, utaikunjua mwenyewe usome. Na usiikunjue mbele ya mama mkwe wako.