Anza na SSD na RAM, kadi ya picha isubiri

Mkuu, umesema una kompyuta ya mezani Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Intel i5-3470, RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB, hadidiski ya GB 500, inastaki ovyo, na fundi amekushauri uanze na kadi ya picha, ile inayotengeneza picha za skrini. Nakuomba usitoe hela bado. Mashine kama hiyo ninazo mbili hapa steshenari kwangu Malimbe, Mwanza, zinachapa kazi za wanachuo kuanzia asubuhi, na nimezifungua mara nyingi.

Kinachokuchelewesha ni hadidiski. Weka SSD, yaani diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5, inatumia nyaya zilezile. SSD za aina ya NVMe, nyembamba kama bigijii, achana nazo, mothabodi (bodi kuu) ya enzi za 2012 haikutengenezwa kuwaka kupitia hizo. Kwangu ilikuwa inachukua kama dakika nne kuwaka, sasa haifiki hata moja. Diski ya zamani ibakize ndani ya kutunzia mafaili.

RAM yako ni ya aina ya DDR3, tena ndefu za desktop, si zile fupi za laptop. Chukua mbili za 4GB zinazofanana. Ukipewa DDR4 utaona kipengele kilichochongwa kwenye meno yake hakikutani na cha tundu. Ikigoma usisukume, utavunja tundu.

Halafu usafi, na hapa wenzangu wa Mwanza mnisikilize vizuri. Dirisha langu linatazama ziwa. Msimu wa wale wadudu wanaoinuka majini kama moshi, ukiwasha taa usiku wanajaa ndani. Nilipong'oa feni ya prosesa, nilikuta mapezi ya kipozeo yamezibwa na tabaka la kijivu, wadudu wakavu wameshikana na vumbi, nikalibandua lote kwa mkupuo kama kipande cha blanketi. Prosesa ilikuwa inapanda hadi nyuzi 90 na ushee. Puliza kwa blowa huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, itakuwa imekauka kama chokaa, ifute yote kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Yangu ilishuka hadi sitini na kitu.

Kadi ya picha sasa. Kama kazi yako ni Word, Excel na kuchapa, uwezo wa picha uliomo ndani ya hiyo i5 unatosha kabisa. Kama unahariri video, tazama pawa saplai kwanza. Ya 7010 ya boksi refu ni wati 275 tu. Mimi niliuziwa kadi inayotaka waya wake wa umeme wa pini sita, muuzaji akanipa adapta, nikaamini. Kila nikianza kutoa video iliyohaririwa, mashine inazima ghafla, na kazi ya harusi ya mteja ilipotea mara mbili. Iliniuma sana. Nikaibadilisha na kadi ya GTX 1050 Ti isiyo na tundu la waya, inayokula wati 75 kutoka kwenye mothabodi, na haijazima tena. Kama yako ni ile ya boksi jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii.

Kuhusu Windows 11, Microsoft wanaitaka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, yako ni ya tatu. Na Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Mashine yangu moja nimeiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na printa inachapa vizuri.

Piga picha kibandiko cha pawa saplai uiweke hapa, pamoja na umbo la boksi.