Mshahara wa Kozi na Mshahara Wako

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimemaliza masomo ya sekondari na nimepata nafasi mbili za chuo kikuu, moja ya udaktari na nyingine ya takwimu. Katika intaneti nimekuta jedwali linalopanga kozi kuanzia inayolipa zaidi hadi inayolipa kidogo, na baba alipoliona alisema mjadala umekwisha, nikasome udaktari. Mimi napenda hesabu tangu utotoni. Je, jedwali kama hilo niliamini kwa kiasi gani, na mapato ya kozi mbili hulinganishwa vipi?
Msomaji wa njia panda

JIBU: Ndugu msomaji, jedwali hilo huenda ni la kweli kabisa, ila linajibu swali ambalo wewe hukuuliza. Kwa kawaida tarakimu inayoandikwa mbele ya jina la kozi ni mshahara wa mtu wa katikati: wahitimu hupangwa foleni, kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, kisha huchukuliwa yule aliyesimama katikati. Nusu nzima iliyo nyuma yake haionekani, wala walio mbele yake hawaonekani.

Nisieleweke kwamba kozi zote ni sawa mradi mtu anaipenda yake, kwa maana hilo si kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, nchini Marekani, walionyesha kwamba mhitimu wa katikati wa uhandisi wa petroli alikuwa akipata dola 136,000 kwa mwaka, ilhali wa malezi na elimu ya watoto wadogo alipata dola 39,000. Kwa maisha yote ya kazi, pengo kati ya kozi za juu kabisa na za chini kabisa lilifika dola milioni 3.4. Hata hivyo, tazama kilichofuata. Bei ya pipa la mafuta, iliyokuwa zaidi ya dola 100 katikati ya mwaka 2014, ilishuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na kijana aliyeichagua kozi hiyo miaka minne kabla, kwa kutazama jedwali la wakati huo, alihitimu wakati kampuni zilikuwa zikipunguza wafanyakazi. Jedwali husimulia soko la jana, nawe utaingia sokoni miaka minne au zaidi baadaye.

Kuna wanaodai kwamba kozi yenyewe haiongezi kitu, bali wenye akili ndio huzichagua kozi zinazolipa. Dai hilo lilipimwa kwa njia ninayoipenda sana. Katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, palikuwa na sharti kwamba aliyepata wastani wa alama wa chini ya 2.8 kati ya 4 katika masomo ya utangulizi wa uchumi kwa kawaida haendelei na shahada hiyo. Wachumi Zachary Bleemer na Aashish Mehta waliwalinganisha waliouvuka mstari huo kwa nukta chache na walioukosa kwa nukta chache, yaani watu ambao uwezo wao ulikaribiana mno, wakakuta kwamba kusoma uchumi kuliwaongezea mapato ya miaka ya mwanzo ya kazi kwa takriban dola 22,000 kwa mwaka, sawa na asilimia 46. Basi kozi ina uzito wake. Lakini sehemu ya uzito huo ilitokana na sekta walizoingia, kama fedha na biashara, na mtakwimu anaweza kubisha hodi kwenye milango hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo jedwali huiruka, nayo ni ya miaka. Chukua mfano wa kubuni. Mtakwimu anasoma miaka minne, kisha anapata 100 kwa mwaka. Daktari anasoma miaka minane, anafanya mazoezi ya utabibu miaka mitatu kwa malipo ya 60, na miaka yake minne ya ziada chuoni inamgharimu ada ya 200. Mwaka wa 11 unapokwisha, mtakwimu ameshapokea 700. Daktari amepokea 180 na kutoa 200, kwa hiyo yuko nyuma kwa 720. Kuanzia hapo daktari akilipwa 240 na mtakwimu 130, atalifuta pengo hilo kwa miaka sita na nusu hivi, na hapo sijagusa riba ya mkopo. Baada ya hapo anamwacha mwenzake mbali. Kwa hiyo baba yako hajakosea. Ila faida anayoiona huanza ukiwa na miaka kama 37. Mahali ambapo udaktari husomwa kwa miaka mitano au sita moja kwa moja kutoka sekondari, pengo hilo huwa fupi zaidi, hivyo weka tarakimu za chuo chako mwenyewe.

Jambo jingine ni upana wa foleni. Mishahara ya madaktari hutawanyika kidogo kuanzia chini, kwa sababu leseni huzuia wengi kuingia. Watakwimu hutawanyika sana: mmoja hujaza fomu ofisini miaka kumi, mwingine hukadiria hasara za bima na kulipwa kama daktari bingwa. Nadhani baba yako anatafuta mshahara usiotikisika kuliko mshahara mkubwa, na ni vyema mzungumze juu ya hilo waziwazi, maana mnaweza kuwa mnabishana juu ya mambo mawili tofauti.

Mwisho, uliza kila chuo ni wangapi kati ya wanaoanza hufika kuhitimu. Anayeacha udaktari mwaka wa tano hayumo katika jedwali lolote la mishahara ya madaktari, ilhali ada yake imekwenda na miaka yake pia.